Tathmini ya Debian 13: mfumo wa seva na muda wa kuusubiri

Debian 13, inayojulikana kwa jina la trixie, ilitolewa tarehe 9 Agosti 2025, miaka miwili na miezi miwili hivi baada ya Debian 12. Ni mfumo endeshi unaotengenezwa na wajitolea walioenea duniani kote, haumilikiwi na kampuni yoyote, na mtu yeyote anaweza kuupakua na kuusimika kwenye seva yake bila kulipa chochote. Ninautumia kwenye seva za tovuti, za hifadhidata na za kuhifadhia mafaili, na nina mengi mema ya kusema juu yake. Hata hivyo, mfumo wa aina hii haupimwi kuanzia siku ulipotoka tu. Anayesimamia seva huishi na toleo la zamani huku akilingojea jipya, na kipindi hicho cha kungoja ni sehemu ya kile anachopewa. Ndiyo maana katika tathmini hii sijali sana kwamba tulisubiri muda mrefu au mfupi. Ninachopima ni hali tuliyokuwa nayo tulipokuwa tukisubiri: kama seva zilizokuwa kazini ziliendelea kulindwa, na kama tuliweza kuona kwa macho yetu kazi imefika wapi.

Umuhimu wa kipimo hicho unaonekana wazi katika yaliyoupata mfumo mwingine wa seva, CentOS, mwaka 2011. Kazi ya wajitolea wa CentOS ilikuwa kuchukua msimbo wa mfumo endeshi ambao kampuni ya Red Hat iliutoa kwa umma, kuondoa nembo za kampuni na kuujenga upya ili upatikane bure. Red Hat ilitoa toleo lake la 6 mwezi Novemba 2010, na CentOS 6.0 ikatoka Julai 2011. Miezi minane ya kungoja toleo jipya inavumilika, kwa kuwa aliye kwenye toleo la 5 hana ulazima wa kuhama. Shida kubwa ilikuwa kwingine, na wengi hawakuiona mapema. Mwezi Januari 2011 Red Hat ilitoa pia 5.6, na kuanzia siku hiyo marekebisho ya usalama ya tawi lote la 5 yalijengwa juu ya 5.6. CentOS haikutoa 5.6 yake hadi Aprili. Kwa hiyo, katika miezi hiyo ya katikati, seva za CentOS 5.5 zilizokuwa zikihudumia wateja kila siku zilikaa bila sehemu kubwa ya marekebisho yaliyokuwa tayari yametangazwa hadharani, maana yake ni kwamba udhaifu ulijulikana na tiba yake ilijulikana, lakini tiba hiyo haikuwa imewafikia wenye seva. Wakati huohuo Scientific Linux, iliyotengenezwa kutokana na msimbo uleule chini ya maabara ya Fermilab ya Marekani, ilikuwa imeshatoa 6.0 mwezi Machi. Watumiaji wa CentOS walipouliza kazi imekwama wapi, hapakuwa na ratiba ya kutazama wala orodha ya vifurushi vya programu vilivyobaki ambayo mtu wa nje angeweza kuifuata. Baadaye mwaka huohuo mradi ulianzisha hazina ya programu iitwayo CR (Continuous Release), iliyowezesha marekebisho kuwafikia watumiaji kabla ya toleo dogo kukamilika, na ninaihesabu kuwa hatua ya haki kwa watu waliokuwa wamengoja bila kinga.

Ninakitaja kisa hicho kwa heshima, kwa sababu watu wale walikuwa wachache na walifanya kazi usiku, baada ya ajira zao za mchana. Kosa lilikuwa katika mpango wa kazi ulioufanya usalama wa toleo la zamani utegemee kukamilika kwa toleo jipya.

Debian imejengwa kwa mpango tofauti kabisa. Tawi thabiti, yaani toleo lililo kazini, lina timu yake ya usalama inayoendelea kulihudumia bila kujali toleo lijalo limefika wapi. Siku trixie ilipotoka, Debian 12 haikuachwa: timu ya usalama imepangiwa kuiangalia hadi tarehe 10 Juni 2026, kisha timu ya huduma ya muda mrefu inaichukua hadi tarehe 30 Juni 2028. Debian 13 yenyewe imepewa miaka mitatu ya huduma kamili na miwili ya huduma ya muda mrefu. Mwenye seva anasubiri akiwa ndani ya nyumba yenye paa, na akitaka kukaa humo mwaka mzima baada ya jirani zake kuhama, hakuna anayemfukuza.

Upande wa pili ni uwazi. Mkataba wa kijamii ambao mradi huu uliupitisha mwaka 1997 una ahadi kwamba Debian haitaficha matatizo yake, na ahadi hiyo imetimizwa kwa namna inayoshikika: kila kasoro inayoripotiwa huwekwa wazi kwa yeyote kuisoma, pamoja na mazungumzo yote ya kuitafutia dawa. Kasoro nzito zaidi, zile zinazozuia toleo lisitoke, huhesabiwa peke yake, na katika miezi ya mwisho msimamizi wa seva anaweza kutazama idadi yake ikipungua. Kwa trixie ratiba ya kugandisha, yaani kusimamisha mabadiliko hatua kwa hatua kabla ya toleo kutoka, ilitangazwa mapema. Tarehe 15 Machi 2025 mabadiliko makubwa ya maktaba na zana za kujengea programu yalisimamishwa. Tarehe 15 Aprili vifurushi vipya vilizuiwa kuingia. Tarehe 15 Mei masharti yakakazwa zaidi kwa vifurushi muhimu na vile visivyo na majaribio ya kujiendesha. Na tarehe 27 Julai mlango ukafungwa kabisa, kila badiliko likawa linahitaji idhini ya timu inayosimamia utoaji. Wiki mbili baadaye toleo likatoka. Kwa ratiba hiyo mkononi niliweza kupanga kazi zangu, nikajua ni lini niandae seva ya majaribio na ni lini niwaambie wenye mifumo kwamba mabadiliko yanakuja.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Baada ya toleo la woody la Julai 2002, watumiaji wa Debian walisubiri karibu miaka mitatu, hadi Juni 2005, ndipo wakapata sarge, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokana na uamuzi wa kuandika upya programu yote ya usimikaji. Wengi walihama katika kipindi hicho, na siwalaumu. Mradi ulijifunza, na tangu mwaka 2005 matoleo yamekuja kwa mwendo wa karibu miaka miwili miwili. Kanuni ya kutoa toleo likiwa tayari imebaki palepale, ila sasa inakwenda pamoja na kalenda.

Faida ya kutokimbilia mapya ilijidhihirisha tarehe 29 Machi 2024. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshiriki pia katika kutengeneza programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba ndani ya programu ya kubana mafaili ya xz, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kulikuwa kumefichwa mlango wa siri uliolenga ssh, huduma ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake, iliyokuwa ikitumia tawi lisilo thabiti la Debian, kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde na kula nguvu ya kichakato kuliko kawaida. Matoleo yale yenye sumu yalikuwa yameshaingia katika tawi lisilo thabiti na tawi la majaribio, lakini hayakuwa yamefika katika tawi thabiti. Seva zote za Debian 12 zilikuwa na xz ya zamani iliyo salama. Timu ya utoaji haikuishia hapo: toleo dogo la 12.6, lililokuwa limepangwa kutoka mapema Aprili, lilisogezwa mbele ili kwanza ijulikane madhara yalienea kiasi gani, na likatoka mwisho wa Juni. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2023, walifanya jambo la aina hiyohiyo. Siku ya kutoa 12.3 iligundulika kwamba kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, kilichokuwa ndani yake kingeweza kuharibu data kwenye diski zenye mfumo wa kupangia mafaili wa ext4. Utoaji ukasitishwa siku ileile, na kesho yake ikatoka 12.4 yenye kiini kilichorekebishwa.

Subira hiyo haina uwezo wa kuzuia kila kitu, na tathmini ya haki lazima iseme hivyo. Mwezi Mei 2008 ilibainika kwamba badiliko lililofanywa na Debian yenyewe mwaka 2006 katika kifurushi cha OpenSSL, cha kusimba mawasiliano, lilikuwa limedhoofisha kizalishi cha namba nasibu, kiasi kwamba funguo zilizotengenezwa kwa kifurushi hicho ziliweza kukisiwa. Badiliko lile lilipita vipindi vyote vya kugandisha, likaingia katika toleo thabiti la Aprili 2007, likakaa humo mwaka mmoja. Kusubiri huzuia kasoro zinazoonekana mapema. Zile zinazokaa kimya huhitaji macho ya watu, na macho hayo hayaongezeki kwa sababu tu kalenda imesogea.

Sasa nije kwenye mfumo wenyewe. Debian 13 ina karibu vifurushi 70,000, na zaidi ya 14,000 kati yake ni vipya. Kiini cha Linux ni 6.12, ambacho ni cha huduma ya muda mrefu. Kwa kazi za seva utakuta PostgreSQL 17, MariaDB 11.8, PHP 8.4, Python 3.13, nginx 1.26 na OpenSSH 10.0. Anayetoka Debian 12, yenye PostgreSQL 15 na PHP 8.2, ataona ni hatua ya kawaida, wala haitamlazimu kuandika upya programu zake zote. Vichakato vya RISC-V vinatambuliwa rasmi kwa mara ya kwanza. Kompyuta za biti 32 za aina ya i386, kwa upande mwingine, hazina tena kiini wala programu ya usimikaji, na maelezo ya toleo yanasema bayana kwamba wenye mashine hizo wasipande, yaani wasihamie toleo hili jipya. Ofisi au shule yenye kompyuta kuukuu za namna hiyo ibaki kwenye Debian 12 na kuanza kutafuta mashine nyingine.

Kazi iliyonivutia zaidi haionekani kwenye skrini. Mifumo ya biti 32, isipokuwa i386, imehamishiwa kwenye hesabu ya muda ya biti 64, kwa sababu hesabu ya zamani inafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kubadilisha jambo hilo kulilazimu maelfu ya vifurushi kujengwa upya kwa mpangilio mmoja. Huo ni uti wa mgongo wa sababu za kungoja, na ni aina ya kazi ambayo mteja haiombi kamwe, wala haiwezi kutangazwa kama kivutio, ilhali mteja asipofanyiwa ataijutia.

Kupanda kutoka 12 hadi 13 kwa mbali kunahitaji utulivu. Kabla ya yote, sasisha Debian 12 hadi mwisho, na uhakikishe kwamba openssh-server, programu inayotoa huduma ya ssh, imefika 1:9.2p1-2+deb12u7 au zaidi, kwa sababu iliyo chini ya hapo inaweza kukataa miunganisho mipya ikiwa kazi itakatika katikati, nawe ukabaki nje ya seva yako mwenyewe. Onyo hili lina uzito wa pekee kwetu. Yeyote aliyekuwa akifanya kazi Tanzania au Kenya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, anajua kwamba intaneti inaweza kudhoofika bila taarifa na kwa muda usiojulikana. Mimi hutumia kwanza apt, chombo cha Debian cha kusimika na kusasisha programu, kwa amri ya apt full-upgrade pamoja na --download-only, ili vifurushi vyote vikae kwenye diski ya seva kabla sijagusa chochote, na amri zote huziendesha ndani ya screen au tmux, ili muunganisho ukikatika kazi isikatike nao. Angalia pia ukubwa wa /boot, sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia mfumo: maelezo ya toleo yanataka isipungue MB 768, na iwe na nafasi tupu ya MB 300 hivi. Seva zilizosimikwa miaka ya nyuma mara nyingi zina /boot ndogo kuliko hapo, na ni afadhali kuligundua hilo kabla ya kuanza.

Kwenye seva ya hifadhidata kazi ilikwenda hivi. Nilibadilisha jina la bookworm, yaani Debian 12, kuwa trixie katika orodha ya hazina, nikaendesha apt upgrade --without-new-pkgs, kisha full-upgrade, nikawasha seva upya. Amri ya pg_lsclusters ikanionyesha mistari miwili: PostgreSQL 15 yenye data zote, ikiendelea kuhudumia kwenye lango la 5432, na PostgreSQL 17 tupu kwenye 5433. Debian haihamishi data zako bila ruhusa, na ninaona huo ni uungwana mkubwa. Nikaondoa ile 17 tupu kwa pg_dropcluster, nikahamisha data kwa pg_upgradecluster 15 main, na ile ya zamani nikaiacha ikiwa imezimwa hadi wenye mfumo wa mahesabu walipothibitisha kwamba ripoti zao zinatoka sawasawa. Kwa MariaDB, hakikisha imezimwa kwa utaratibu kabla ya kupanda, la sivyo toleo jipya linaweza kukataa kuwaka. Baada ya hapo apt 3.0 inapendeza kutumia: vinavyoingia na vinavyotoka vimepangwa kwa safu, na vitakavyoondolewa vimewekwa mwishoni kwa rangi nyekundu, mahali ambapo jicho linatua kabla ya kidole kubonyeza.

Kuna mabadiliko mawili ambayo ningependa yangetangazwa kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa hayatoi ujumbe wowote wa kosa. La kwanza ni kwamba /tmp, folda ya mafaili ya muda, sasa inakaa kwenye kumbukumbu ya RAM, na inaweza kutumia hadi nusu yake. Seva ndogo ambayo kila usiku huandika nakala za hifadhidata ndani ya /tmp kabla ya kuzisafirisha itajaza kumbukumbu yake, na huduma nyingine zitaanza kuanguka bila sababu iliyo wazi. Hamisha nakala hizo ziandikwe mahali pengine, au uzuie mpango huo kwa systemctl mask tmp.mount. La pili ni kwamba faili la /etc/sysctl.conf halisomwi tena wakati wa kuwaka. Mipangilio yote ya mtandao na kumbukumbu uliyoiweka humo itapuuzwa kimya kimya mpaka uihamishie ndani ya /etc/sysctl.d. Yote mawili yameandikwa katika maelezo ya toleo, ni kweli, lakini badiliko linaloweza kuzima kinga ya mtandao ya seva lilistahili onyo linalojitokeza kwenye skrini wakati wa kupanda. Hapa ndipo ninapoipunguzia Debian alama.

Barua pepe ni mada inayojitegemea. Dovecot, programu ya seva ya barua pepe, imepanda kutoka 2.3 hadi 2.4, na mipangilio ya zamani haikubaliki katika toleo jipya. Lazima iandikwe upya. Aliyekuwa akitegemea uwezo wake wa kunakili masanduku ya barua baina ya seva mbili hataukuta tena, kwa kuwa umeondolewa na watengenezaji wa Dovecot wenyewe. Hilo si kosa la Debian, ila linabadilisha ushauri wangu.

Kwa walioiacha CentOS baada ya tangazo la tarehe 8 Desemba 2020, lililofupisha maisha ya CentOS Linux 8 hadi mwisho wa 2021, njia ya AlmaLinux na Rocky Linux bado ni halali, hasa pale programu ya kibiashara inapodai mfumo unaofanana na wa Red Hat. Lakini miradi hiyo hungoja kwanza Red Hat itoe, na mwaka 2023 Red Hat ilipoacha kuchapisha msimbo wa toleo lake katika hazina ya wazi iliyozoeleka, ililazimu kila mmoja kutafuta njia yake. Debian haimngoji mtu mwingine yeyote atoe ndipo nayo itoe. Kwa seva mpya isiyofungwa na masharti hayo, ningechagua Debian 13 bila kusita.

Seva za tovuti na za hifadhidata zilizo kwenye Debian 12 zinaweza kupandishwa sasa, baada ya jaribio kwenye nakala. Za barua pepe zinazotumia Dovecot ziacheni zilipo. Simikeni trixie kwenye mashine ya pembeni, andikeni mipangilio ya 2.4 hatua kwa hatua, ijaribuni kwa masanduku machache ya watu walioridhia, na mhamishe mengine siku ambayo jaribio hilo limepita wiki kadhaa bila barua kupotea. Marekebisho ya usalama ya Debian 12 yataendelea kuja wakati mkifanya hivyo.